Barua kwa Shangazi: Maji Yasirudi Nyuma

Shangazi mpendwa,

Uliponiuliza kwenye simu nimefuata nini Usukumani, nikakujibu "valvu," ulidhani mtandao unakatakata. Hapana, ulisikia vizuri. Nimekuja kutazama jinsi watu wa huku wanavyoyazuia maji ya bomba yasirudi nyuma, maana maji yakirudi nyuma hurudi na uchafu, na kwenye ukanda huu wa dhahabu uchafu wenyewe si wa mchezo. Vuta mkeka, mimina kahawa, nikusimulie.

Shinyanga nimefika alfajiri, na kuna baridi ya Julai ambayo hakuna aliyenionya. Kwa mama lishe wa karibu na stendi nilisalimiwa "Mwangaluka!" nikaitikia "Mwangaluka, mayu," kama alivyonifundisha jirani yangu wa kwenye basi, na kwa neno hilo moja nikaongezewa chai. Kifungua kinywa chao ni matobolwa: viazi vitamu vimechemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka ukikiangusha kipande mezani kinalia. Unatafuna taratibu pamoja na karanga, na utamu wake unakuja umechelewa, ukishaanza kufikiria mambo mengine. Chai ya maziwa Sh 500, sahani ya matobolwa na karanga Sh 1,000. Nimekuwekea kilo moja. Meno yako mazima, uliniambia mwenyewe.

Mji huu bado unapanda baiskeli. Kijana aliyenibeba alikuwa ameshonea kiti cha nyuma mto wa kitambaa cha maua, ameweka na kengele mbili, moja ya watu na moja ya mbuzi. Alinitoza Sh 1,000 mpaka Ngokolo, na njia nzima alinieleza bei ya pamba, bei ya mchele, na kwa nini mahari ya ng'ombe isiguswe na serikali yoyote. Nilimwambia ningependa kuona watu wakichota maji. Alinitazama, akaona si utani, akanipeleka moja kwa moja kwenye kioski.

Kioskini kulikuwa na foleni ya ndoo na madumu bila wenyewe. Wenyewe walikuwa kivulini wakipiga soga, na kila dumu lilijulikana la nani. Ndoo ya lita 20 ni Sh 50. Anayeuza ni mama mmoja mwenye kanga mbili na sauti ya kuamuru jeshi. Wewe ungempenda. Mtoto alipochomeka mpira mpaka ndani ya dumu lake ili maji yasimwagike, mama alipaza sauti: "Toa huo mpira! Bomba linywe mate ya dumu lako?" Mtoto akaunyanyua haraka, maji yakamrukia miguuni, foleni nzima ikacheka.

Nikamuuliza mama sababu. Akasema siku alipokabidhiwa funguo za kioski alielezwa kwamba mdomo wa mpira usiguse maji yaliyomo kwenye chombo, uache nafasi ya hewa katikati. Maji ya bomba yanaweza kuanguka hewani yakaingia kwenye dumu, lakini maji ya dumu hayawezi kuruka hewani yakaingia bombani. Shangazi, huo ndio ulinzi bora kuliko wote, na hauhitaji hata spana. Vitabu vya ufundi wa mabomba vinataka nafasi hiyo isipungue mara mbili ya upana wa bomba, na kwa bomba dogo isipungue inchi moja. Mama wa Ngokolo anaacha kiganja kizima.

Ana haki ya kuyaonea wivu maji yale, ukijua yanakotoka. Mji huu uko mbali na ziwa, lakini tangu 2009 unakunywa maji ya Ziwa Victoria. Yanavutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafishwa kwenye mtambo uliojengwa kwa uwezo wa mita za ujazo 80,000 kwa siku, yanapandishwa kilima cha Mabale, halafu yanateremka kupitia Solwa, mkono mmoja unakuja Shinyanga na mwingine unakwenda Kahama. Mamlaka ya maji ya KASHWASA inayauza kwa jumla, na ile ya mjini, SHUWASA, inayagawa kwa rejareja. Maji yasafiri hivyo, yapite pampu na matenki, yafike Ngokolo yakiwa safi, kisha yaharibiwe na dumu la mafuta ya taa lililosuuzwa nusunusu! Ukifikiri hivyo unamwelewa mama na sauti yake.

Nikiwa hapo hapo akafika kijana wa kupima maji, na mkoba wake mdogo wa bluu. Alichukua maji ya bomba kwenye kichupa, akatumbukiza kidonge, akatikisa. Maji yakageuka waridi, rangi ile ya juisi ya ubuyu iliyochujwa, na akina mama wote wakasogea kutazama ingawa nadhani wamekwisha kuiona mara nyingi. Rangi hiyo ni klorini iliyobaki. Akailinganisha na rangi za kwenye kifaa chake, akasoma 0.4, yaani miligramu 0.4 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue 0.2 pale mtu anapochotea. Nikamuuliza, je, ukikuta nyumba moja haina kitu, na jirani zake wote wana 0.4? Akasema hapo anaanza kupekua: tenki la siku nyingi, bomba lililopasuka, au kitu kimeingia kutoka ndani ya nyumba hiyo kikaila klorini. Anaanzia kwenye mipira. "Mipira ya bustani, mipira ya kuoshea magari, mipira ya chooni," akahesabu kwa vidole, "huko ndiko ninakokutana na mambo."

Sasa nikusimulie la usiku, maana hili nimeliona kwa macho yangu.

Nimefikia nyumba ya wageni safi, Sh 25,000 pamoja na chai, shuka zimenyooshwa pasi na chandarua hakina tundu. Chooni kuna mpira mfupi wa kujisafishia, kama ilivyo kila mahali siku hizi, na chini yake ndoo. Mpira ulikuwa umelala ndani ya ndoo na koki yake iko wazi, ili ndoo ijae polepole. Ndoo ilikwisha jaa, na watu waliokuwa wametangulia kukaa chumba hicho walikuwa wameiogea, wameifulia na kuchota humo kwa kikopo cha chooni. Saa nne hivi za usiku nikasikia sauti, fyooo, kisha kama mtu anamalizia soda kwa mrija. Nikaenda na tochi ya simu. Shangazi, maji ya ndoo yalikuwa yanashuka! Hakuna aliyeyagusa. Ukingo wa povu la sabuni ulikuwa umebaki juu ukutani mwa ndoo, na maji yanaendelea kwenda chini, yanaingia kwenye mpira, yanakwenda zao.

Niliuchomoa mpira nikafunga koki, kisha nikamwamsha kijana wa mapokezi. Kumbe mtaa wa chini bomba kubwa lilikuwa limepasuka, na maji yote ya mabomba ya juu yanakimbilia kule kwenye tundu. Bomba likikimbiwa na maji namna hiyo linavuta chochote kilichochovywa ndani yake. Ndoo yetu ilikuwa inakwenda mtaani, na sabuni yake na kikopo chake. Asubuhi bomba likizibwa na maji yakirudi, nyumba ya kwanza kufungua koki ndiyo ingeyapata.

Mwenye nyumba ni mzee wa heshima. Alipoelezwa asubuhi hakubisha wala hakutafuta wa kumlaumu. Alisema tu, "Jirani yangu ana watoto wadogo wanne," akapiga simu kwa fundi. Fundi alifika kabla sijamaliza chai. Alifunga valvu ya nonritani baada tu ya dira ya maji, ile ambayo maji yakienda mbele inafunguka na yakitaka kurudi inajifunga yenyewe, kisha akapita chumba kwa chumba akipigilia misumari ya kutundikia mipira juu ya ndoo. Mzee akafuatana naye akiikagua misumari yote kwa mkono.

Najua unachofikiria sasa hivi. Unafikiria pipa lako la bluu la uani, na mpira ulioingia humo tangu mimi nasoma shule ya msingi. Ndiyo, hilo hilo. Siku maji yanapokatika huko kwako Muheza, lile pipa nalo hunyonywa, pamoja na viluwiluwi vyake, na majani ya mwarobaini, na maji uliyowanyweshea bata.

Wala usidhani ni shida ya huku kwetu peke yake. Mwaka 2007 katika mji wa Nokia kule Finland, mji huo huo ulioipa simu yako ya tochi jina lake, valvu moja iliyounganisha bomba la maji yaliyotoka kwenye mtambo wa majitaka na bomba la maji ya kunywa ilifunguliwa, na maelfu ya watu wakaugua matumbo. Ni mji wenye kila kitu, na valvu ilikuwa moja. Marekani na Kanada miji mingi inamlazimisha mwenye hoteli, hospitali au kiwanda kuipimisha valvu yake kila mwaka na kuonyesha cheti. Mimi ningependa nyumba za wageni za kwetu zianze na hilo. Chandarua wanakikagua, shuka wanazikagua, mtungi wa kuzimia moto una tarehe yake ukutani. Valvu nayo iwe na tarehe.

Fundi aliniona ninavyouliza maswali, akaniambia nikitaka kuona valvu inapimwa sawasawa niende Geita, binamu yake anafanya kazi hiyo kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu. Akampigia palepale. Safari ikapatikana.

Kahama nilipita haraka. Njia ni nzuri: Tinde, Isaka na malori yake yaliyojipanga kuelekea Rwanda na Burundi, kisha mji wenyewe, ambao kelele zake zinaanza kabla ya nyumba zake. Nimekula wali wa Kahama kwa maharage na mchicha, Sh 3,000, na harufu ya mchele ule ningeweza kuishiba bila maharage. Kilo ilikuwa Sh 2,500; nimechukua tano.

Dukani kwa vifaa vya ujenzi nimekununulia nonritani ya nusu inchi, ya shaba, Sh 12,000. Muuzaji alikuwa na aina mbili, hiyo na nyingine ya plastiki ya Sh 6,000. Nilipomuuliza ipi nzuri hakusema kitu. Alichukua ya shaba, akaipangusa kwa shati, akaweka mdomo upande mmoja akapuliza: hewa ikapita, ikanipepea usoni. Akaigeuza, akapuliza mpaka mashavu yakavimba: kimya, haipitishi. Akanipa nijaribu na ya plastiki. Ya plastiki ilipitisha pande zote mbili, kwa uvivu kidogo tu upande wa pili. "Umeona?" akasema, akairudisha kwenye kabati. Nikamshauri aitoe kabisa dukani, akasema ataitumia kufundishia wateja. Kwenye mwili wa ile ya shaba kuna mshale umechongwa. Mshale uelekee nyumbani kwako. Ikifungwa kinyume hutapata maji kabisa.

Kutoka Kahama basi linapita Ushirombo, Runzewe na Bwanga. Nilikaa na mama aliyekuwa na jogoo kwenye kikapu, jogoo mtulivu ambaye kila tulipofika kituo aliwika mara moja, kondakta akadai anamsaidia kuita abiria. Baada ya Buseresere unaona mashimo pembeni mwa barabara, maturubai ya bluu, na vijana weupe kwa vumbi la mawe kuanzia nywele hadi viatu. Hapo umeingia Katoro.

Shangazi, Katoro hawalali. Makarasha yanasaga mawe mchana na usiku, kishindo chake unakisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Kila duka la tatu lina mzani wa dhahabu kwenye sanduku la kioo. Bei nazo zinafuata dhahabu: wali kuku uliokuwa Sh 4,000 Shinyanga hapa ni Sh 7,000, na aliyekaa karibu yangu aliagiza sahani mbili peke yake kwa sababu duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia, limetoa dhahabu. Alinilipia soda. Alitaka kila mtu mle ndani anywe soda.

Alinipeleka kwenye mwalo kuona wanavyoosha. Mchanga uliosagwa unamwagiwa maji juu ya ubao mrefu ulioinamishwa na kutandikwa mazulia. Dhahabu nzito inanasa kwenye manyoya ya zulia, mchanga mwepesi unakwenda. Wanalikung'uta zulia kwenye karai, wanatia zebaki, wanakoroga. Kijana alikuwa anakoroga kwa mkono mtupu, bila glavu, anazungumza na simu kwa mkono mwingine. Nilimwomba avae glavu, mwenzake akamrushia pea. Mchanga uliokwisha oshwa wanauita marudio. Haumwagwi, unauzwa kwa wenye mitambo mikubwa wanaouloweka kwenye matenki ya sianidi kutoa dhahabu iliyobaki.

Nikasimama kando ya bwawa la mwalo nikayatazama yale maji, rangi ya kijivu. Kiwango cha juu cha zebaki ambacho Shirika la Afya Duniani linakiruhusu kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.006 kwa lita. Piga hesabu kwa dira yako: uniti 1,000 za maji, lita milioni moja, hazitakiwi kuwa na zaidi ya gramu 6. Gramu 6 za zebaki hazijazi hata kizibo cha soda. Sasa fikiria mpira wa bomba la mji ukiachwa umelala kwenye bwawa lile usiku ambao bomba kubwa limepasuka.

Mwenye mwalo ule aliniondolea hofu. Bomba la mji halifiki kabisa kwake. Maji ya kuoshea yanatoka kisimani na mvuani, ya kunywa yanaletwa na boza na kuwekwa kwenye simtanki lililoinuliwa juu ya magogo, lina mfuniko wenye kufuli, na funguo anakaa nazo mama mpishi. Nilimfuata dereva wa boza mpaka anakojazia. Pale wamechomelea mkono wa chuma unaolishika bomba juu ya mdomo wa boza, hauruhusu kuzama hata ukilazimisha. Bomba la inchi 2, nafasi niliyoipima kwa vidole ilizidi inchi 4. Nilifurahi sana. Dereva aliniambia zamani bomba lilikuwa linazamishwa mpaka chini ili povu lisiwe jingi, na kwamba huo mkono wa chuma uliwagharimu kipande cha nondo na chupa moja ya soda ya mchomeleaji.

Geita mjini ni Katoro iliyooga na kuvaa. Kuna lami, taa za barabarani, soko kuu la dhahabu lililofunguliwa 2019, na mtaa unaoitwa Bombambili ambao bodaboda wangu alinionyesha kwa fahari alipojua ninafuatilia mabomba. Binamu ya yule fundi alinipokea asubuhi akiwa na kofia ngumu ya njano, buti na mkoba mzito. Ni dada wa makamo yangu, mcheshi, na ana mikono ya mtu anayejua kazi. Tulikwenda kwenye mtambo mmoja nje kidogo ya mji.

Mtambo una maji ya aina mbili. Ya kuchenjulia yanatoka kisimani, yanasukumwa na pampu yenye presha ya bar 4 hivi. Ya bomba la mji yanaingia kwa bar 2, ni ya jiko, mabafu ya wafanyakazi na ya kunawia macho sianidi ikimrukia mtu. Pakitokea mtu akayaunganisha mabomba hayo mawili, kwa haraka au kwa kutokujua, bar 4 itaisukuma bar 2 irudi ilikotoka, mpaka mtaani. Hapo bomba halihitaji kupasuka popote. Ndiyo maana nonritani ya kawaida haitoshi mahali kama hapa, wamefunga kubwa yake.

Hii kubwa ni mwili wa shaba wenye milango miwili ndani inayofuatana, kila mmoja unajifunga wenyewe, na katikati yao kuna chumba chenye tundu la kumwagia chini. Mlango wowote ukivuja na presha ya chumba ikakaribia ya bomba la mji, tundu linafunguka na maji yanamwagika nje, chini, mbele ya macho ya kila mtu, hayarudi mjini. Tulipofika tulikuta tundu linadondosha maji, tone, tone, tone, na chini yake mlinzi ameweka karai. Alikuwa anafulia sare zake kwa maji hayo wiki nzima! Alidhani ni zawadi ya mwenye mtambo. Dada alimsalimia kwa heshima, "Shikamoo baba," akamweleza kwamba hayo matone ni valvu inalia, inaomba ifunguliwe.

Akatoa geji yake, uso mmoja na mipira mitatu, mwekundu, wa bluu na wa njano. Kwenye mwili wa valvu kuna vikoki vidogo vinne vya kupimia. Akafunga koki kubwa ya mbele, akaunga mwekundu kwenye kikoki cha pili, wa bluu kwenye cha tatu, akatoa hewa mpaka mipira ikatema maji matupu. Sindano ya geji inaonyesha tofauti ya presha kati ya pande mbili za mlango wa kwanza. Tundu la chini linatakiwa kufunguka kabla tofauti hiyo haijashuka chini ya psi 2, hivyo mlango ukiwa mzima sindano inakaa juu ya hapo kwa nafasi nzuri. Sindano ilikuwa imelala chini, inatetemeka. "Mlango wa kwanza haufungi," akasema, wala hakushangaa.

Alifunga koki ya nyuma, akafungua mfuniko kwa spana, akatoa springi, akatoa mlango wenyewe, kisahani chenye mpira mweusi usoni. Akaupitishia ukucha. Ukucha ukakwama. Akanisogezea nione: chembe moja ya mchanga mweupe, ndogo kuliko punje ya ulezi, imejikita kwenye mpira, na pembeni yake uzi wa ile tepu nyeupe ya mafundi. Hicho ndicho kilichokuwa kimeushikilia mlango usifunge. Alisafisha kwa kitambaa, akaugeuza mpira upande ambao haukuwa na jeraha, akarudisha vyote, akafungulia maji.

Karai likanyamaza. Mlinzi akainama kulitazama tundu, akagonga kwa kidole, hakuna kitu. Geji ikapanda ikasimama kwenye 7. Kisha dada akafungua vikoki vya geji kidogo kidogo sana, akiiba presha ya upande mmoja kupeleka mwingine, na sindano ikaanza kushuka: 6, 5, 4. Wote tulikuwa tumechuchumaa tukiangalia tundu, mimi, mlinzi, na mpishi aliyetoka jikoni na mwiko mkononi. Ilipofika 3 na kidogo tundu likadondosha tone la kwanza. Dada akasema "Safi," akaandika. Akapeleka presha nyuma ya mlango wa pili kuona kama unashika, ulishika. Akafunga kibati chenye tarehe ya leo na namba ya geji. Kazi yote haikufika saa moja.

Nilimuuliza kama hii ya kuipuliza kwa mdomo dukani ina maana. Akasema ina maana kwa valvu mpya, ikiwa kavu. Ikishaingia kazini inakutana na mchanga, chokaa na tepu, na kwa nje itaendelea kung'aa vilevile. Ndiyo sababu anarudi kila mwaka, na kwenye mitambo ya sianidi anawashauri wamwite mara mbili. Mwenye mtambo alikuwa pale, akauliza kwa nini mara mbili na bei mara mbili. Dada akamwonyesha ile chembe ya mchanga, alikuwa ameibakiza kwenye kiganja. Wakakubaliana Januari.

Mchana alitupeleka kula ugali na sato wa kuchemsha, samaki mzima anatoka nje ya sahani pande zote mbili, Sh 8,000, na pilipili ya kukamuliwa ndimu. Mlinzi alialikwa pia. Alieleza mezani kwamba sasa itabidi anunue ndoo ya maji ya kufulia kama watu wengine, lakini amemwomba mwenye mtambo amwekee koki yake, na amekubaliwa. Dada akamtaka koki hiyo iwe fupi, isiyoingia mpira.

Jioni nimezunguka sokoni. Mananasi ya Geita ni makubwa na matamu mpaka nyuki wamejaa juu ya meza za wauzaji, na wauzaji wenyewe hawawafukuzi. Wanasema nyuki ndio wanaojua lipi limeiva. Sh 1,500 moja, Sh 8,000 ukichukua sita. Nimechukua sita. Nilimwuliza dada kuhusu pipa lako. Anasema fundi yeyote mzuri wa Muheza ataifunga nonritani kwa nusu saa, mshale kuelekea nyumbani, halafu mpira ufupishwe ukae juu ya ukingo wa pipa upana wa kiganja. Na kabla ya kuufupisha pipa lenyewe lisuguliwe. Bata watafutiwe beseni lao.

Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mwambie mdogo wangu aje stendi na toroli, mkokoteni wa kukodi una bei siku hizi: kuna mananasi sita, kilo tano za mchele, matobolwa, dagaa wa ziwa ambao sijakutajia, na valvu yako iko ndani ya mchele, asije akaupika nayo.

Wako,
mwanao wa safari